Buabua wa Kilo Tisini

Mogens Kjeldgaard na mkewe Tove walibishana miaka yote ya ndoa yao juu ya jambo moja, na sisi wenzao wa chama cha kuvisha ndege pete za miguuni ili kufuatilia safari zao, hapa Aarhus, Denmark, tulishazoea.

Wote wawili waliandika programu za kompyuta. Kazini kwa Tove, kila jina kwenye programu lazima litangazwe aina yake: huu ni uzito, hii ni tarehe. Usipotangaza, mashine inagoma kabla haijaanza kazi. Lugha ya programu aliyoipenda Mogens ilikuachia hiari, naye hakutangaza kamwe.

"Vyangu navijua," alisema. "Huyu angeweza kuniandika 'mume' kwenye paji la uso."

"Ningeandika 'mkaidi'," Tove alijibu.

Kisha Mogens akapata kiharusi. Mguu na mkono vilipona, lakini kumbukumbu ikawa inamponyoka. Alirudi kwenye programu yetu ya ndege, aliyoiandika mwenyewe, na siku moja ikatuletea taarifa ya buabua, ndege mdogo wa pwani, mwenye uzito wa kilo tisini. Alikuwa ameweka namba ya pete mahali pa uzito, na mashine haikuuliza kitu.

"Huyo anaruka au anasukumwa kwa toroli?" akatania Preben, mwenyekiti wetu.

Tulicheka. Mogens naye alicheka, halafu akavaa koti akaenda zake.

Tove ndiye aliyenisimulia yaliyofuata. Mumewe alimwambia, "Programu hii naisoma kama kazi ya mtu mwingine. Mpe Preben."

"Simpi mtu. Sogea kidogo."

Jumamosi hiyo walikaa bega kwa bega, kahawa mezani.

"Hii uliyoiita v ni nini?"

"Uzito."

"Basi tuseme hivyo."

Mogens alipokumbuka, Tove aliandika aina. Aliposhindwa, waliacha wazi wakasonga mbele, maana lugha iliruhusu. Kwa Tove ilikuwa kama kutoka nyumbani bila viatu, lakini aliacha.

Kabla ya chakula cha mchana mashine ikagoma. Mogens akasoma kwa sauti: "Hapa panatakiwa uzito, umeleta pete." Akacheka hadi machozi. "Inasema kama wewe!"

"Ila yenyewe haichoki."

"Kwani wewe umechoka?"

Tove akaushika mkono wake. "Leo hapana."

Majani yalipopukutika, Mogens aliongeza peke yake sehemu ya bundi kwenye programu. Alitangaza aina zote bila kuambiwa, isipokuwa moja. Tove aliiona, akaiacha wazi.