Ufa Kwenye Turbini ya Masista

Mama alinizaa kwa mwanga wa turbini ile. Miaka hiyo, upande wetu wa Ngara, zahanati ya masista ndiyo pekee iliyokuwa na taa, na umeme wake ulitoka kwenye turbini hiyo, iliyozungushwa na maji ya kijito cha bondeni. Kwa hiyo masista waliponiita, mimi fundi mitambo, nikaikague na kuwaambia kama imefika mwisho, nilipanda basi Nyakanazi moyo ukiwa mzito, kama ninakwenda kumwona shangazi mgonjwa.

Sista mkuu, mama aliyekwisha kuingia uzeeni, alinipokea kwenye kibanda cha mtambo akiwa na viatu vya mpira vyenye udongo wa shambani. Nilimwamkia, akaitikia, akanieleza kwamba umeme wa gridi ya taifa umefika, ila hukatika mara kwa mara na friji ya chanjo haiwezi kungoja. Wenzake walitaka turbini iuzwe kama chuma chakavu.

Tulifunga maji, nikaifungua. Beringi zilikuwa zimelika, hilo nililitarajia. Nikayasugua mapanga yake, yale yanayosukumwa na maji, yakang'aa, nikayapaka dawa nyekundu inayopenya kwenye nyufa, nikaifuta, nikapuliza unga mweupe wa kuifyonza iliyobaki ndani. Tukasubiri. Shinani mwa panga moja ukajitokeza mstari mwekundu, mwembamba kama uzi. Ulikuwa ufa.

Sista akavua miwani. "Niambie ukweli, mwanangu. Usinionee huruma."

Nilimweleza kwamba nitausaga ufa mpaka uishe, nichomelee, nibadilishe beringi. Ila mashine ya kusaga nafaka, ambayo nayo ilitegemea turbini, ihamie kwenye gridi, turbini ibaki na zahanati tu, na ikaguliwe kila mwaka.

"Yaani ipunguziwe kazi," alisema.

"Ndiyo, Sista. Ikipunguziwa, bado inaishi."

Alicheka mpaka akaketi. Kumbe daktari alikuwa amemwambia maneno hayohayo juu ya moyo wake, naye hakumwambia mtu. Nilimuuliza kama amemtii. Akatazama pembeni.

Nikamwambia sichomelei kitu mpaka naye awaachie wenzake kazi ya shamba. Alininunia mpaka chakula cha mchana, kisha, mbele ya ugali na maharage, akamkabidhi shamba sista mdogo kuliko wote. Kesho yake nikachomelea.

Tulipofungulia maji, niliweka kiganja juu ya ganda la turbini. Ilizunguka kwa utulivu, bila kutetemeka.

Huwa ninarudi kila mwaka kuikagua. Safari iliyopita nilimkuta Sista kibarazani, anachambua maharage, ananilalamikia kwamba yule binti aliyemkabidhi shamba anapanda mistari iliyopinda.