Madam Jael na Vitabu Wazi

Mwaka wa 1994, katika shule ndogo ya sekondari karibu na soko la Khayega, Jael Makhanu alifundisha jiografia kwa sauti iliyofika hadi jikoni. Nilikuwa mgeni pale, na nilimpenda tangu aliponimiminia chai kabla ya kuniuliza natoka wapi.

Alitaka Kidato cha Tatu wafanye mtihani vitabu vikiwa wazi.

"Huo ni wizi wenye ruhusa," akasema mwalimu mkuu, Bwana Shikanga.

"Mwalimu, mahindi yako yakigeuka manjano, si wewe hufunguanga kitabu cha kilimo?"

"Na daktari akinipasua, Madam, afungue kitabu kwanza atafute ini liko wapi?"

Tulicheka. Kisha wakapatana ajaribu mara moja. Zaidi ya nusu ya darasa wakianguka, asiutaje tena.

Wanafunzi walifurahi kupita kiasi. Hakuna aliyesoma. Wasome nini, na majibu yatakuwa mezani? Siku ilipofika, kila kitabu kiligombewa na watu watatu. "Usifunge!" "Toa kidole, wewe!" Swali kubwa lilikuwa hili: kwa nini udongo unaondoka katika mashamba ya kwenu, na mtafanya nini? Kitabuni mlikuwa na ukurasa mzuri kuhusu mmomonyoko, wenye mfano wa milima ya Uhabeshi. Karibu wote waliunakili, Uhabeshi na yote. Hata Sylvia, ambaye mvua ya Aprili ilikuwa imebeba kipande cha shamba la mama yake.

Jael alisahihisha akicheka hadi machozi, kisha akahesabu: zaidi ya nusu walikuwa wameanguka. Angeweza kuwaongezea alama kidogo ashinde ubishi.

"Nikifanya hivyo," akaniambia, "mwizi ni mimi."

Alimpelekea Shikanga matokeo mwenyewe.

"Pole, Madam," akasema Shikanga, bila utani.

Darasani Sylvia akasimama. "Madam, tupee tena. Tumejua kitabu hakijui kwetu."

"Mtihani, hapana. Nimeahidi. Lakini bebeni vitabu, twende."

Aliwapeleka kwenye mteremko nyuma ya vyoo, viatu vikizama matopeni. Sylvia akasoma kwa sauti kwamba udongo huondoka miti ikikatwa.

"Ni kweli hapa?"

"Nusu tu, Madam. Hapa maji yanafuatanga njia ya ng'ombe."

"Wapi? Nionyeshe," akasema Jael, akiinua sketi yake kuvuka mfereji.