Maji Niliyoyatia Ndani ya Bloku

Shukrani zote ni za Mola aliyeteremsha maji yakawa uhai, akatupa masikio ya kusikia mema na umri wa kuyakumbuka.

Mwalimu wangu wa dini alipofariki, kanda za darsa zake zilibaki kwangu, mtaani Biryogo, zimejaa katoni nzima na zimeshaingia ukungu. Binti yangu, anayefanya kazi ofisini Kacyiru, alizicheza moja moja akaingiza sauti kwenye kompyuta yake. Nyingi zilikatika baada ya kuchezwa. Kwa hiyo sauti ya mwalimu ilikaa mahali pamoja tu, ndani ya mashine ile, na binti alisema atatoa nakala akimaliza kuondoa mikwaruzo.

Kazi hiyo iliielemea mashine. Feni ilinguruma kutwa, na joto likizidi ilijizima yenyewe. Binti akaamua ipoozwe kwa maji. Tukaenda mjini kwa fundi mmoja Mkongomani kuchagua bloku, yaani kile kibamba kinachokaa juu ya prosesa, maji yakipita ndani yake kubeba joto hadi kwenye rejeta yanakopozwa.

Fundi aliweka mezani bloku tatu. Ile ya alumini aliiondoa mwenyewe alipojua kwamba rejeta yetu ni ya shaba, maana shaba na alumini zikikaa katika maji mamoja, moja huila nyingine. Zilibaki mbili za shaba, moja ina kifuniko cheusi, nyingine kifuniko kinachoonyesha ndani. Binti alitaka nyeusi. Mimi nikashikilia ile nyingine. Tangu utotoni nimefundishwa kuyapima maji ya tohara kwa rangi, ladha na harufu. Maji nisiyoyaona siyaamini.

"Mzee, hii hautatawadha nayo," fundi akacheka. "Weka maji ya betri tu, ile haina chumvi. Ingine yote iko adui."

Nilimsikia. Naandika hivyo ili msomaji asinitafutie udhuru.

Wiki kadhaa zilipita kwa salama. Alasiri moja, binti akiwa kazini, niliona maji yamepungua kwenye kichupa cha akiba cha mashine. Kabatini nilikuwa na maji ya Zamzam niliyoletewa na jirani aliyetoka Hija. Nikayapima kama nilivyofundishwa: rangi safi, ladha njema, harufu hakuna. Tena mashine ilikuwa inahudumia darsa za dini. Ni maji gani yangeifaa kuliko hayo? Nikasema Bismillahi, nikajaza.

Kwanza ulikuja ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo. Kisha vichembe vyeupe vikakaa katika mifereji ya shaba, na pembeni pakaanza ukijani. Pampu ya kuyazungusha maji, iliyokuwa kimya, ikaanza kukoroma. Kila baada ya swala ya alfajiri nilisimama mbele ya kile kifuniko nilichokichagua mwenyewe, nikaona kinanionyesha zaidi ya jana.

Binti aliporudi kutoka kazini Alhamisi, naye akaona. Akaniuliza kama kuna mtu amegusa. Nikamjibu kwamba nyumba ina mikono mingi. Nyumba yetu ina watu wawili.

Akasema basi fundi ametuuzia kitu kibovu, na Jumamosi atakwenda kumweleza hivyo mbele ya wateja wake. Ijumaa mashine ilijizima mara mbili. Msikitini nilisikia hotuba yote, na sikumbuki hata neno.

Jumamosi asubuhi alikuwa anajifunga mtandio atoke. Nikatazama mashine. Chini ya ukingo wa bloku lilining'inia tone moja la maji. Halikudondoka. Lilikuwa linanenepa.

"Usiende," nikamwambia. "Fundi hana kosa. Mimi nilitia Zamzam."

Aliniangalia, kisha akaliona tone. Alichomoa waya ukutani kabla ya kusema lolote.

"Baba," akasema, mgongo umenielekea, "ungeniambia siku ileile, ningekasirika kidogo tu."

Alichomoa diski kwanza, akaipeleka kwenye kompyuta nyingine. Akafungua darsa ya kwanza. Kisha mwalimu akakohoa, kama alivyokohoa kila alipoanza darsa, na nikaficha uso wangu. Zote zilikuwepo. Siku hiyo hiyo alitoa nakala mbili.

Tulipoifungua bloku, mifereji ilikuwa imeziba kwa magadi meupe kama tumbo la birika kuukuu, na mpira wa kuzuia maji umenyanyuka. Niliibeba mwenyewe hadi kwa fundi, nikamwomba radhi kwa siku mbili nilizoacha jina lake lichafuliwe nyumbani kwangu. Akaitazama sana.

"Ile maji, mzee," akasema, "kunywa tu."

Sasa ndani mna maji ya betri. Hata hivyo pampu ikikoroma kidogo, huacha ninachofanya nikaenda kutazama.

Nawe unayesoma, Mola akuhifadhie sauti za waliokulea, akupe ulimi wa kukiri mapema, na maji yako yawe mema duniani na akhera.