Kwa Nini Kaka Alirudi Chuoni

Kaka yangu aliporudi kutoka chuo kikuu huko Uganda na digrii yake, kijiji chetu chote, huku milimani juu ya Mlali, kilikuja kumtazama. Tulichinja mbuzi, tukaimba mpaka sauti zikakauka. Ungedhani mimi ndiye niliyehitimu. Aliyeniuliza habari za nyumbani nilimjibu kwa habari za digrii.

Furaha ile ilitiwa maji Jumapili iliyofuata, baada ya misa. Tukiwa nyumbani, kaka alimwambia mjomba kwamba anarudi tena chuoni mwaka mmoja, kuchukua diploma ya ualimu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mwenye kauli ni mjomba. Huyu wetu alikuwa ameshamtengea kaka shamba la ukoo kule bondeni, lenye maji mwaka mzima, ambalo wengi walikuwa wakilimezea mate. Mjomba akakunja uso. Watu aliowahi kuwaona wakirudi darasani baada ya wenzao kumaliza ni wale walioanguka mtihani. Kwa hiyo kaka amefeli, na mbuzi tumemla bure.

Kaka alijieleza hadi jasho likamtoka. Alisema diploma hiyo haipewi mtu asiye na digrii, na kwamba itamfanya awe mwalimu wa sekondari. Mjomba akamuuliza kipi kikubwa, digrii au diploma. Kaka, maskini, akakiri kuwa digrii ni kubwa. Basi mjomba akataka kujua ni nani anayefika kileleni halafu anashuka ili apande cheo. Akatamka kwamba kaka akiondoka, shamba litapewa mwingine. Kaka akamnong'oneza mama kuwa bila ridhaa ya mjomba haendi popote.

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni napukuchua maharage. Miezi michache tu nyuma nilikuwa nimetolewa mwali, baada ya kufungiwa ndani na kufundwa na makungwi, wale wanawake wanaofundisha wasichana utu uzima. Ghafla jambo likaniwakia kichwani. Mambo ya ndani hayasemwi mbele ya wanaume, na bibi yangu, kungwi mkuu wa pale, alikuwa amekaa hatua chache tu. Lakini mdomo ulishanitangulia.

"Mjomba, wanawake wote hapa walifundwa wakatoka mwali. Je, wote ni makungwi?"

Akasema la, kungwi hurudi akafundishwa upya na makungwi wakubwa.

"Na anayerudi, huwa alishindwa?"

Nikamtazama bibi, nikingoja kofi. Alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mjomba akamgeukia kaka, akamuuliza kwa nini hakusema hivyo tangu mwanzo. Kaka akajibu kwamba yeye ni mwanamume, ya ndani angeyajulia wapi. Hapo hata mjomba alicheka. Akasema shamba litamsubiri, mama atalilima kwa mwaka huo mmoja.

Nilirukaruka, maharage yakamwagika sakafuni, wala sikujali. Mjomba akaninyooshea kidole.

"Nenda," akamwambia kaka, "ukawe kungwi. Ukirudi, mwali wako wa kwanza ni huyu."

Mimi, niliyeachishwa shule nikiwa darasa la nne, nililia pale pale mbele ya watu wote, kwa furaha.