Munkoyo ya Jua Moja

Baba yangu alipima munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi na mizizi, kwa jua. Ile iliyochujwa asubuhi na kunywewa siku hiyohiyo aliiita ya jua moja, na hiyo ilikuwa ruhusa kwa mtoto, kwa mgonjwa, hata kwa mchungaji. Ikishaona jua la pili, itoke nyumbani kwake. Hapo tuliibeba kwenye bido, dumu la plastiki, hadi kwa jirani yetu Mkatoliki, mama mmoja wa kaskazini ya Katanga, mnene, mcheshi, ambaye aliipokea kwa mikono miwili, akaiongezea sukari na kuiacha mpaka ikaanza kutoa povu. "Ninyi Baprotestanti munakunywaka uji," alitutania kila mara. "Munkoyo munatuachia sisi." Hata baba alicheka.

Baba alikuwa karani katika ofisi moja ya mgodi, na mzee wa kanisa katika kanisa letu dogo hapa Manika. Ukarani ulimlisha, lakini uzee wa kanisa ndio uliomfanya atembee kifua mbele. Jumapili aliketi benchi la mbele, akasimama kutangaza namba za nyimbo, suruali yake imepigwa pasi na mama mpaka mkunjo ukasimama wenyewe. Sikumbuki kama aliwahi kuchelewa. Nayasema haya mapema ili ujue nilimpotezea nini.

Kupika munkoyo ilikuwa kazi ya mama. Alinunua mizizi sokoni kwa wanawake wanaoitoa porini, akaiponda. Alipika uji mzito wa unga wa mahindi juu ya mbabula, jiko letu la makaa, akauepua kwenye makaa, kisha akakaa. Hapo ndipo penye kazi, kukaa. Uji lazima upoe mpaka utumbukize kidole na kukiacha humo bila kuruka. Ndipo mizizi inaingia. Kesho yake unakuta uji umelainika, umekuwa mwepesi na mtamu bila hata kijiko cha sukari. Unachuja, basi. Ukitia mizizi wakati uji bado unaunguza, umeiua. Mama aliniambia hivyo labda mara mia, nami nilimjibu "ndiyo, mama" mara mia, masikio yangu yakiwa barabarani.

Kwetu mgeni hanywi kabla ya mwenye nyumba kuonja. Ni desturi ya tangu zamani, ya kuonyesha kwamba ndani ya kikombe hamna ubaya. Baba aliifanya kama ibada. Alichukua gobele, yaani kikombe, akanywa funda moja, akalishikilia shavuni, akatazama dari, akameza, kisha akasema, "Iko salama." Akina mama wa kanisa, waliokuwa wakiogopa hata harufu ya pombe, walikunywa kwa kuuamini ulimi wa baba yangu. Hata wakikutana kwenye nyumba za wengine, walimwomba yeye aonje.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa nilipopata mchumba. Alikuwa dereva wa lori, wa kanisa letuletu. Wazazi wake walileta habari kwamba watakuja Jumamosi kupiga hodi, yaani ile ziara ya kwanza kabla ya mazungumzo ya mahari, na kwamba watafuatana na mchungaji na mama wawili wa kanisa. Siku hiyo munkoyo hupikwa na binti mwenyewe. Si mama yake, si shangazi. Ikiwa mbaya ikamwagwa mbele ya wageni, binti naye amemwagwa. Na wiki hiyo mama alikuwa Kisenge, kwenye kilio cha dada yake, kwa hiyo nilibaki peke yangu na sufuria.

Ijumaa asubuhi nilipaswa kuwa jikoni. Badala yake nilipanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, na mchumba wangu, tukaenda kupiga picha studio, mimi na nywele mpya, malori yakinipaka vumbi uso mzima. Tulirudi jua limeshaanza kuteremka. Nikapika uji mbiombio, nikaupepea kwa mfuniko, nikatia kidole, nikaruka, na mizizi nikaitia hivyohivyo. Potelea mbali, nikajisemea, utapoa wenyewe.

Jumamosi asubuhi nilifunua sufuria nikakuta gundi. Uji ulikuwa mzito vilevile, hauna hata chembe ya utamu, mwiko umesimama katikati. Mungu wangu! Wageni walitarajiwa saa tisa, na munkoyo mpya ingetaka usiku mzima. Nilikimbia kwa jirani. Alikuwa na bido zima la munkoyo ya siku nne, amelitia hamira ya mkate, akiwangojea vijana wa ukoo wake waliokuwa wakichimba mgodini Mutoshi.

"Hii hapana ya kwenu," aliniambia. "Hii inakamataka kichwa. Tata yako anajua?"

"Nitachanganya na uji, mama. Nitaweka sukari mingi. Habatasikia kitu."

"We mutoto, unatafuta maneno."

Lakini nililia, na yeye hakuweza kuvumilia kuona mtu akilia. Alinipa. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote, na hakusema kamwe.

Wageni walikuja kwa wakati, wamevaa vizuri. Niliingia na sinia, nikapiga magoti. Baba alichukua gobele. Funda moja, shavuni, macho darini. Ila safari hii macho yalishuka kutoka darini yakatua usoni kwangu, nami nikajua amejua. Ulimi ule uliweza kutofautisha munkoyo ya adhuhuri na ile ya alasiri, ungekosaje kuijua ya siku nne? Alimtazama mama wa mchumba wangu. Akamtazama mchungaji. Akanitazama tena mimi, bado nimepiga magoti. Akameza.

"Iko salama," akasema.

Wakanywa. Na baba akanywa kuliko wote. Alijaza gobele la pili, la tatu, la nne, yeye ambaye kwa kawaida moja lilimtosha mpaka wageni waage. "Leo niko na kiu," alisema, akicheka kicheko nisichokijua. Mgeni akinyoosha mkono kwenye jagi, anakuta baba ameshalifikia. Nilisimama nyuma ya pazia la jikoni nikamkasirikia. Ndiyo, mimi, nilimkasirikia yeye! Niliona ananiaibisha mbele ya wakwe. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anaimaliza ili wao wasiipate.

Waliipata ya kutosha. Mama mmoja wa kanisa alianza kucheka na akashindwa kuacha, akawa anajifuta machozi kwa kitambaa cha meza. Mchungaji alipotuomba tuinamishe vichwa kwa sala ya kuagana, baba aliinamisha cha kwake na hakukiinua tena. Alikoroma sala nzima mpaka amina. Wakwe walivunjika mbavu. Walisema munkoyo ya binti huyu ni kiboko, na uchumba ukapita palepale. Mchungaji hakucheka. Alinusa gobele lake, akaliweka chini, akachukua kofia yake.

Siku chache baadaye wazee wa kanisa walimwita baba akajieleze. Mchana ule, kabla hajaondoka, alikuwa ameketi uani anapaka viatu rangi, nami nilikuwa nafagia.

"Mama," aliniita. Nina jina la mama yake, kwa hiyo ndivyo alivyoniita tangu utotoni. "Uliweka nini mule?"

Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua akaseme nini. Na ningeweza kumwambia, neno lilikuwa limeshafika kooni. Lakini niliwaza wakwe. Niliwaza zile picha za studio, ambazo hata hazijatoka bado. Niliwaza kusimamishwa mbele ya kanisa, mimi, mchumba wa mtu.

"Hakuna kitu, tata. Ni joto tu."

Alikisugua kiatu cha pili mpaka kikang'aa. "Bon," akasema. "Ni joto."

Yaliyotokea kule kanisani tuliyasikia kutoka kwa yule mama aliyecheka, ambaye naye aliitwa. Baba aliwaambia munkoyo ilichacha kwa joto. Wakamuuliza: sawa, joto limeiharibu, lakini wewe ulionja kwanza, mbona hukusikia? Akajibu kwamba ulimi wake ulimdanganya. Hapo wakamshika. Walisema ulimi usioisikia pombe ni ulimi ulioizoea pombe. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kuonja hata bia! Wakamuuliza habari ya yale magobele manne, akarudia kwamba alikuwa na kiu. Wakamvua uzee.

Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma, karibu na mlango, suruali imepigwa pasi vilevile. Namba za nyimbo alizitangaza mtu mwingine, akazikosea, na nilipogeuka nilimwona baba ameshafungua kitabu kwenye wimbo wenyewe. Mama, aliyekuwa amerudi kutoka Kisenge, aliimba kando yake kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Kilichoniuma zaidi kilitokea nyumbani. Wageni waliendelea kuja, maana baba alikuwa mtu wa watu, na mama aliendelea kupika munkoyo ya jua moja. Baba alionja, akasema iko salama, na magobele yakabaki mezani. Wageni walizungumza habari ya mvua. Walizungumza habari ya vijana wanaokuja kutoka Kongo nzima kuchimba shaba na kobalti. Mpaka mama naye aonje, ndipo walipokunywa. Baada ya mara mbili tatu, baba aliacha. Mgeni akiketi tu, alimpa mama gobele, akajifanya anatafuta miwani.

Mimi niliolewa. Nilijiambia nitamweleza baba baada ya harusi. Kisha nikapata mimba, nikajiambia mjamzito hafai kujitia kwenye aibu. Kisha mchungaji yule akahamishwa, akaja mwingine asiyejua habari ile, nikajiambia, sasa nikisema, nani atafaidika? Uongo mtupu. Nilikuwa mwoga, basi. Mume wangu, mtu mwema kabisa, mpaka leo akipata wageni huwasimulia jinsi baba mkwe alivyokoroma mbele ya mchungaji. Watu hucheka, nami hucheka nao huku nikiwaongezea chakula.

Mwaka jana baba alianza kuugua, na kwa kuwa mama ameshatutangulia, nilimleta kwangu. Alikuwa amekonda sana. Siku moja aliniambia anatamani munkoyo. Nilikwenda sokoni Manika mimi mwenyewe, nikachagua mzizi mmoja mmoja. Nikapika uji, nikauepua, nikakaa kando ya sufuria. Simu iliita nikaiacha. Nilitia kidole, nikakiacha humo, nikahesabu, sikuruka, ndipo nikatia mizizi. Asubuhi ilikuwa nyepesi na tamu kama ya mama. Nikaichuja, na nikiwa nachuja nikakata shauri: leo namwambia. Nitampa gobele, nitapiga magoti kama siku ile, niseme ni mimi, tata, haikuwa joto.

Alikuwa ameketi barazani kwenye jua la asubuhi, blanketi magotini. Nilipiga magoti kweli. Nikamnyooshea gobele. Alilitazama ndani, akalisukuma taratibu kurudi kwangu.

"Onja kwanza, mama," akasema.

Ni desturi. Nyumba ni yangu, mwenye nyumba ni mimi, na mtu yeyote angesema vile. Lakini baba yangu hakuwahi hata siku moja kunitaka nionje kitu ambacho mikono yangu imempa. Nilikunywa funda moja, nikalishikilia shavuni. Hakuwa akinitazama machoni. Alikuwa akinitazama kooni, akingoja kuona kama nitameza.

Nikameza.

"Iko salama, tata."

Akalipokea. Akanywa polepole mpaka mwisho, akafuta mdomo kwa kiganja, akanirudishia gobele, akaniuliza kama watoto wamekula. Nikamwambia wamekula. Nikainuka na gobele langu, nikaenda kuliosha.

Wiki tatu baadaye tulimzika. Mchungaji mpya alisoma karatasi aliyoandikiwa: mume wa fulani, baba wa fulani, karani wa miaka mingi, ndugu yetu katika imani. Ndugu yetu, si mzee wetu. Alipomaliza aliuliza kama kuna mtu wa familia mwenye neno la kusema. Nilikuwa nimeketi benchi la mbele kabisa, pale alipokuwa akiketi yeye. Walinisubiri, maana mimi ndiye mkubwa wa watoto wake. Nikatikisa kichwa, na wimbo ukaanza.