Anaanzaka na Mbwa

Katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, kazi yangu ilikuwa kutembelea nyumba: kuangalia kama choo ni safi, kama mtoto anaongezeka uzito, kama maji ya kunywa yamefunikwa. Sikuisomea shuleni. Nilijifunza kwa kuifanya, na kwa kusoma vijitabu vya fuaye, kituo ambako wake wa wafanyakazi walijifunza kushona. Hakuna kijitabu kilichotaja mbwa.

Nyumba moja niliipenda sana. Mke alisugua sakafu ikang'aa; mume alichekesha kambi nzima. Mbwa wao tu, mwenye jicho lililovimba, alijificha nyuma ya magunia ya makaa kila alipomsikia mume akikohoa.

"Citoyenne, unaona?" mume akaniambia. "Mbwa yangu iko na heshima kupita bantu ba hapa!"

Nikajua anapigwa, nikamtafutia mbwa makao mapya kwa fundi baiskeli mmoja. Mume alipokuwa zamu, nilirudi na kamba. Jirani aliyekuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo, akanipigia kelele:

"Mama wa fuaye! Leo unachunga bambwa? Batoto bamekwisha?"

Nilikuwa nakaza fundo mke aliposhika kamba.

"Hapana, mama. Umuache."

"Lakini bwana anamupiga sana."

"Njo vile. Anaanzaka na mbwa. Nikisikia analia, ninabeba mutoto, ninakimbia kwa jirani. Ukimubeba, ataanza na nani?"

Nilikalia ndoo. Nilikuwa nimeuliza habari za choo, uzito na maji, na jibu lilikuwa limelala nyuma ya makaa wakati wote huo.

"Uko na ndugu hapa Lubumbashi?"

"Yaya yangu, ku mutaa ya Kenya."

"Basi tunaenda sasa, mbele bwana arudi."

"Na mbwa?"

"Na mbwa."

Jirani akaweka mchi chini, akajitwika furushi la nguo za mke. "Bakiniuliza," akasema, "mi nilikuwa natwanga sombe."

Huko Kenya dada yake alitutazama mlangoni: mdogo wake, mtoto mgongoni, mbwa kwenye kamba. "Karibuni. Na huyu anakulaka nini?"

"Kila kitu, yaya."

Tangu siku ile, katika kila nyumba, kabla ya kuangalia choo, nilimtazama mbwa.

Jumapili iliyofuata mume akaja Kenya kumdai mkewe, na vichekesho vyake vyote. Alipokohoa tu mlangoni, mbwa akaingia chini ya kitanda. Mume wa dada, mtu mnene wa maneno machache, akamtazama mbwa, akamtazama shemeji yake, akamfungia mlango.