Siku Tulipoandika "Imefika"

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kiti cha plastiki, simu mbili, na dirisha linalotazama barabara ya sokoni. Ofisi ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mpanda mjini. Nilikuwa nimetoka kukata tiketi za mabasi stendi, kazi niliyoifanya tangu usichana wangu, na kompyuta nilikuwa naziona kwenye madirisha ya benki tu. Mkurugenzi wetu alikuwa mtoto wa mwenye duka la pale chini, akasomea mambo hayo Dar es Salaam, kisha akarudi nyumbani wakati wenzake walibaki huko. Alinieleza kwamba alinichagua kwa sababu aliwahi kuniona stendi nikitukanwa na abiria aliyeachwa na basi, nami nikamsikiliza mpaka akamaliza ndipo nikamjibu.

"Mama Neema," aliniambia, "watakupigia wamekasirika. Usiitetee programu. Uliza kilichotokea, halafu njoo utuambie kwa maneno yao wenyewe, sio kwa maneno yako."

Nyie vijana mnaotengeneza programu leo mna majina mengi ya kazi hiyo. Sisi tuliiita kupokea mrejesho, yaani yale maneno ya mteja yanayorudi kwako wewe uliyemtengenezea kitu. Kitu chetu kilikuwa programu ya safari. Mtu wa Mwese, kule milimani, alikuwa anaweza kushinda barabarani na mzigo wake wa maharage bila kujua kwamba gari limekwama kwenye tope. Mtu wa Karema, kule ziwani, alikuwa haelewi boti ya kusini itaondoka leo au kesho. Basi wenye magari na wenye boti waliandika safari zao kwenye programu yetu, na abiria wakazisoma kwenye simu. Mwenye simu ndogo ya vibonyezo alipata habari hizohizo kwa ujumbe mfupi.

Aliyeiandika programu yenyewe ni Fundi Mkuu, Kulwa, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia huku na ng'ombe yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kosa lililojificha ndani ya programu alikuwa analiita mdudu, na kila alipomaliza kurekebisha mambo kadhaa aliyatoa kwa pamoja, tukaita hilo toleo jipya. Siku ya toleo jipya mama yangu alituletea karanga za kuchemsha, maana alidhani ni sikukuu. Hatukumwambia vingine.

Mkurugenzi alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona tena mahali pengine. Kila mfanyakazi mpya alitumwa kwanza kuishi na wateja. Mimi nilipelekwa Karema, nikakaa kwa Mama Felista, muuza dagaa na migebuka, ambaye mumewe alikuwa fundi wa mashine za boti. Asubuhi nilishuka naye mwaloni, pale boti zinapopandishwa mchangani, nikawa nawatazama watu wanavyoshika simu kwa mikono iliyolowa. Pale nilijifunza kwamba mteja haanzi na tatizo lake. Atakusalimu, atauliza watoto, atakuelezea ziwa lilivyokuwa jana. Ukishaanza kunyanyuka ndipo atasema, "Halafu kuna kitu kidogo." Hicho kitu kidogo ndicho ulichokifuata. Ukiwa na haraka, utarudi Mpanda na salamu tu.

Baada ya hapo nilitumwa Mwese, na baadaye kwenye vijiji vya wafugaji, lakini Karema ndiko moyo wangu ulikobaki, kwa sababu ya jambo ninalotaka kuwasimulia.

Vijiji vingi vya kusini mwa ziwa havikuwa na mtandao. Boti ikifika huko, nahodha hakuweza kutuma habari, hivyo kwenye simu za watu maneno "Ipo safarini" yalibaki hata siku ya pili. Ndugu walikuwa wanahangaika, wakatupigia sana. Nilipeleka malalamiko yao ofisini, na Kulwa akatafuta dawa. Katika toleo lililofuata aliielekeza programu ihesabu muda ambao boti hutumia kwa kawaida; muda huo ukipita, iandike yenyewe "Imefika". Simu zikapungua. Tukafurahi wote.

Mama Felista ndiye wa kwanza kunipigia. Hakuwa na hasira. Alisema, "Mama Neema, nyie mmeandika boti imefika, nami nimesimama hapa mwaloni naona maji tu." Boti hiyo ilichelewa kidogo, ikaingia salama. Hata hivyo nilimpelekea Kulwa maneno yale siku ileile, naye akakubali kwamba ni mdudu, akaahidi kumshughulikia. Lakini wakati huo Mwenyehisa, tajiri wa Dar es Salaam aliyeweka mtaji kwenye kampuni, alikuwa anataka sehemu ya kulipia nauli kwa simu ikamilike haraka, na mafundi wote waliwekwa huko. Maneno ya Mama Felista yakasubiri nyuma ya foleni.

Yalikuwa bado yanasubiri boti moja ilipoondoka Karema kuelekea kusini, mume wa Mama Felista akiwa ndani yake pamoja na wafanyabiashara na akina mama wenye watoto. Mashine ilizimika mbali na nchi kavu. Upepo ukawasukuma katikati ya ziwa. Karema watu walifungua simu zao wakasoma "Imefika", wakaendelea na shughuli zao. Hakuna aliyekwenda mwaloni kutazama, hakuna aliyeomba boti ya kutafuta. Kesho yake mchana akaja mvuvi kutoka kusini, akaulizwa habari za wasafiri, akasema kule hakijafika chombo chochote.

Boti zikatoka kutafuta. Wakawakuta jioni, wote wazima, lakini jua lilikuwa limewachoma na maji ya watoto yalikuwa yamekwisha. Mtoto mmoja alilazwa, akakaa hospitali muda mrefu, akapona. Mume wa Mama Felista alishuka akishikwa mikono. Tangu siku hiyo hakupanda tena chombo cha majini. Mtu aliyejua sauti ya kila mashine pale mwaloni akageuka mkulima wa mihogo.

Habari zilipofika ofisini, Kulwa alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Hakuna aliyemfuata. Muda mfupi baadaye Mwenyehisa akapiga simu, na Mkurugenzi akaiweka sauti kubwa ili sote tusikie, maana hakuwa na tabia ya kuongea nyuma ya mlango. Mwenyehisa alishauri tutoe tangazo kwamba mtandao ulikuwa na hitilafu. Akasema watu wa kule wamezoea mtandao kusumbua, wataelewa, na yatapita. Mkurugenzi alimsikiliza hadi mwisho, akamshukuru, akakata simu. Kisha akaniuliza gari la Karema linaondoka saa ngapi.

Tulikwenda watatu: yeye, Kulwa na mimi. Watu walikusanyika mwaloni, wengine wamesimama majini mpaka kwenye vifundo vya miguu kwa sababu mchanga ulikuwa umejaa. Nilimwona Mama Felista mbele, kanga ameikaza kichwani, mumewe hayupo. Mkurugenzi aliwasalimu, kisha akasema bila kuzunguka:

"Mtandao haukukosea. Sisi tuliandika neno ambalo hatukuwa na hakika nalo. Na mmoja wenu alituambia mapema, tukamweka asubiri. Nimekuja kuwaambia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine."

Mzee mmoja akaguna. Kulwa naye akasogea mbele, akaeleza kwa Kiswahili chepesi jinsi programu ilivyokuwa inahesabu saa, na kwamba neno lile ameshaliondoa asubuhi ile kabla ya kuondoka Mpanda. Boti isiyoleta habari sasa ingeandikwa "Hatujapata habari zake", hata kama jambo hilo lingetia watu wasiwasi.

Mama Felista alimngoja amalize. Nilijua atasema kitu, na nilikiogopa.

"Baba, mimi niliwaambia," alisema. "Sikusema kwa ubaya. Nilimwambia huyu Mama Neema, naye najua aliwafikishia. Baada ya hapo maneno yangu yalikwenda kukaa wapi? Mimi siyaoni. Jirani yangu hayaoni. Angeyaona, asingeliamini lile neno, angetoka nje akatazama ziwa."

Mkurugenzi alisema tu kwamba amesikia, na akaomba apelekwe kwa mumewe. Alikaa naye ndani kitambo. Walichozungumza sijui mpaka leo, ila alipotoka macho yake yalikuwa mekundu.

Tuliporudi Mpanda alituita wote akasema kwamba kuanzia toleo lijalo, kila lalamiko litawekwa mahali ambapo kila mteja atalisoma, na chini yake litaandikwa jina la fundi aliyelichukua na amefikia wapi. Tuliuita Ukurasa wa Wazi. Wenye simu ndogo walituma neno moja kwa ujumbe mfupi, wakarudishiwa orodha ya matatizo ambayo hayajatatuliwa. Baadhi ya mafundi walipinga, na siwezi kuwalaumu. Si rahisi kuona kosa lako limetundikwa hadharani na jina lako chini yake. Kulwa ndiye aliyewanyamazisha. Alimweka mdudu wa "Imefika" awe wa kwanza kabisa kwenye ukurasa ule, na jina lake chini yake.

Miaka iliyofuata ndiyo ninayoiota. Watu waliandika kama wanavyoongea. Bodaboda wa Mwese aliandika kwamba vitufe vyetu ni vidogo na vidole vyake vimejaa grisi. Kulwa akavikuza, na wazee wa mjini wasioona vizuri wakaandika kushukuru. Mfugaji aliuliza kama lori la ng'ombe linaweza kuonyeshwa pia, na kabla sisi hatujajibu, mfugaji mwingine wa kijiji cha mbali alimjibu akampa namba ya dereva. Waligombana humo, wakataniana kwa kabila, wakasahihishana. Asubuhi nilikuwa nafika ofisini na mapema kuliko ufunguo, nangoja kwenye ngazi, nasoma. Nilijua nani amejifungua na daraja gani limeanza kulegea. Na Mama Felista alikuwa anaandika karibu kila wiki, akianza na salamu kwa wote.

Mwenyehisa hakuupenda ukurasa ule hata siku moja. Kampuni nyingine ilipoanza kuwaonyesha wateja wetu makosa tuliyoyaandika wenyewe, alisema tunawapa adui fimbo. Akaongeza mtaji wake mpaka sauti yake ikawa kubwa kuliko ya Mkurugenzi, na siku ikafika Mkurugenzi akatakiwa aondoke. Hakuna aliyegomba. Aliaga chumba kwa chumba. Nilimsindikiza stesheni, akapanda treni ya Kaliua na sanduku moja. Nilitegemea aniachie neno la kushika, kama wakubwa wanavyofanya. Aliniuliza tu kama mume wa Mama Felista alishavuna, nikasema bado. Akasema, "Ukienda, nisalimie." Treni ikaanza kusogea.

Akaja Meneja wa Huduma kutoka Dar es Salaam, kijana mwenye adabu, aliyeniamkia kila asubuhi. Sina ubaya naye. Alinieleza taratibu kwamba mteja mpya akisoma malalamiko anaogopa na kuondoka, kwa hiyo ukurasa utafungwa, na badala yake kutakuwa na nyota. Aliyeridhika abonyeze tano, asiyeridhika abonyeze moja. Nilimuuliza anayetaka kueleza kilichotokea aeleze wapi. Akasema mashine itampa majibu. Kulwa alibaki miezi michache, kisha akarudi kwa wazazi wake, na nasikia sasa anafundisha kompyuta sekondari. Mimi niliendelea na nyota mpaka nilipofikia umri wa kustaafu. Moja, tano, tatu, moja. Nilikuwa nazitazama nashindwa kujua nani analia.

Siku niliyoagwa walikata keki. Meneja alinisifu vizuri, na nilimshukuru kwa dhati. Kisha nikapanda bajaji kwenda nyumbani, na kesho yake nikaamka na mapema, nikavaa, nikafika mlangoni kabla sijakumbuka.

Vijana huniuliza siri ya kazi ile. Siri hakuna. Tuliwaonyesha watu maneno yao yamefika wapi, hata pale yalipotuaibisha, nao wakaendelea kutuambia. Programu ipo bado, tena ni nzuri kuliko ile yetu, inapendeza, haiharibiki haraka. Naifungua mara kwa mara. Pale palipokuwa na sauti za watu sasa pana picha ya nyota inayocheka.

Juzi nilikuwa uani napukuchua mahindi, simu ikaita. Namba sikuijua. Mtu akajitambulisha kuwa ni wa Mwese, anasafirisha maharage, na namba yangu amepewa na shemeji yake. Akaniuliza hali, akauliza wajukuu, akaeleza mvua ya kwao. Halafu akasema kuna kitu kidogo: gari la Mpanda linaonyeshwa lina nafasi, akishuka barabarani na magunia analikuta limejaa.

Nilimwambia ukweli kwamba nimestaafu, ofisini kuna watu wengine.

"Najua, mama," alisema. "Ila kule hakuna mtu."

Basi nikaweka ungo chini, nikamuuliza ilitokea siku gani, gari la nani, alikuwa amesimama wapi. Alinieleza yote bila haraka. Nilimsikiliza mpaka akamaliza. Alinishukuru sana, sauti yake imepata nafuu, akakata. Nilibaki nimeshika simu mkononi, nina habari kamili, nzuri, iliyopangwa sawasawa, na sina wa kumpelekea.